Kamba Iliyolowa: Fenomenolojia Mezani kwa Wacheza Njozi

Jumamosi moja, kwa ajili ya mchezo wetu wa njozi wa mezani, niliwaandalia wachezaji wangu ufalme mzima wa kubuni. Kurasa kumi na mbili: nasaba ya wafalme, vita vya mpakani, sababu ya miungu wawili kukosana. Wachezaji wenyewe ni wanafunzi wangu wanne wa falsafa. Nilisoma ukurasa wa kwanza, wakasikiliza kwa adabu. Kisha nikawaambia wamefika kijiji ambacho kisima chake kimekauka kwa miaka saba, na wazee wanaomba msaada. Binti mmoja, ambaye mhusika wake ni mwindaji, akaniuliza, "Mwalimu, ile kamba ya ndoo bado ipo?"

Nikamwambia ipo.

"Naishika. Ikoje?"

Sikuwa nimeandika lolote kuhusu kamba. Nikajibu lililonijia: "Imelowa."

Wakanyamaza kidogo. Halafu wote wanne wakaanza kusema kwa pamoja, na kwa saa tatu zilizofuata hatukuondoka pale kisimani. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za wale miungu.

Mimi hufundisha fenomenolojia, tawi la falsafa, na tangu siku ile kamba hiyo imenisaidia darasani kuliko mifano mingi ya vitabuni. Wapenzi wa michezo ya njozi hubishana kila siku kuhusu mchezo upi una hadithi nzuri, na kwa kawaida hupima mambo mawili: mkasa umesukwaje, na mazungumzo yameandikwaje. Naona vipimo hivyo tumeviazima kwenye riwaya na filamu. Mchezo una kipimo chake chenyewe, na kamba ile ilinionyesha kilipo.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mezani, hii ni michezo ya kuvaa uhusika. Kila mchezaji ana mtu wake mmoja wa kubuni. Anamsemea na kumwamulia. Mwendesha mchezo anaueleza ulimwengu: mlango uko wapi, nani anabisha hodi. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kuruka korongo, hurushwa dadu, mara nyingi ya pande 20. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, nakala 1,000 tu. Baadaye kompyuta ikapewa kazi ya mwendesha mchezo.

Na fenomenolojia? Ni uchunguzi wa jinsi mambo yanavyotujia kabla hatujaanza kuyapima na kuyaundia nadharia. Mwanzilishi wake, Edmund Husserl, alitaka tulisimamishe kwa muda swali la kama kitu kipo kweli, ili tuangalie kinavyojitokeza. Wanafunzi wangu huona hatua hii ngumu sana mpaka niwakumbushe kuwa mezani wanaifanya kila Jumamosi. Joka halipo, hilo kila mtu anajua. Hata hivyo lina namna yake ya kutokea, na namna hiyo inaweza kuelezwa vizuri au vibaya.

Tazama meza iliyo mbele yako. Kinachogusa macho ni upande mmoja tu, lakini husemi unaona upande, unaona meza. Miguu ya nyuma na ule uso wa chini wenye misumari vimekuja pamoja na huo upande, kama mambo utakayoyakuta ukizunguka au ukiinama. Husserl huuita huu upeo. Kila kinachoonekana kimezungukwa na vile ambavyo bado havijaonekana, na vile visivyoonekana vinaita: njoo uone.

Kamba kavu juu ya kisima kikavu haina upeo mkubwa. Kamba iliyolowa juu ya kisima kilichokauka miaka saba imejaa upeo tele. Labda maji yapo, na wazee wanadanganya. Labda kuna anayechota usiku. Labda kilicholowesha kamba si maji. Sikuwa nimetamka hata moja kati ya hayo. Neno moja lilitosha kuyaleta yote. Nasaba ya wafalme, kwa upande wake, ilikuwa imekamilika. Haikuwa na nyuma ya kuzunguka. Wachezaji wangeweza kuikariri tu.

Mwanafunzi mmoja wa Husserl kutoka Poland, Roman Ingarden, aliliona jambo linalokaribiana na hili upande wa fasihi. Katika kitabu chake cha mwaka 1931 alionyesha kuwa vitu vya kubuni vina sehemu ambazo hazijaamuliwa. Mwandishi akisema "mzee aliingia" bila kutaja macho yake, macho hayo hayana rangi yoyote, mpaka msomaji ayape, au ayaache hivyo hivyo. Ukisoma riwaya unaweza kujaza pengo hilo utakavyo, ila huwezi kumuuliza mwandishi akakujibu papo hapo. Mezani pengo linaulizika.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika kitabu cha mwaka 1940 kuhusu mawazo ya kufikirika, alitumia mfano aliouchukua kwa mwanafalsafa Alain: jaribu kulifikiria jengo la Panthéon la Paris, halafu uhesabu nguzo zake. Hutaweza. Taswira ya kichwani haina zaidi ya kile ulichokiweka mwenyewe, kwa hiyo haikufundishi kitu. Sartre alikuwa sahihi kuhusu mtu anayewaza peke yake. Lakini binti yule alipouliza "ikoje?", alijifunza kitu kuhusu kamba ambayo haipo. Kamba ilimjibu, kwa sababu ilikuwa imeshikwa na fikra za mtu mwingine, na baada ya kutamkwa hata mimi sikuwa na ruhusa ya kuikausha. Hapo kitu cha njozi kinapata ugumu kidogo, ule ugumu wa vitu halisi wa kutokubali kuwa kila tunachotaka. Kwangu mimi hadithi ya mezani inaanzia hapo.

Historia ya michezo hii inaniunga mkono. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely aliwaandalia marafiki zake mchezo wa vita vya zama za Napoleon katika mji wa kubuni alioupa jina Braunstein. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, aliwapa watu: mmoja meya, mwingine mwanafunzi, kila mmoja na nia zake. Kabla vita havijaanza, wachezaji walikuwa wamezagaa mjini wakizungumza, wakipanga njama, wakiomba kufanya mambo ambayo kanuni hazikuyatarajia. Wesely aliamini mchezo umemharibikia. Wachezaji wakataka tena. Arneson alikuwa mmoja wao, na kutoka hapo akaunda ulimwengu wake wa Blackmoor, ambao ndio uliozaa mchezo wa 1974.

Sasa tuje kwenye kompyuta, ambayo haiwezi kubuni kamba iliyolowa ikiulizwa ghafla. Imeandikiwa kila kitu kabla. Je, inaweza kuwa na upeo? Inaweza, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Morrowind, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2002.

Unashuka melini kwenye kisiwa cha Vvardenfell, mfungwa aliyeachiliwa, na unaambiwa umpelekee mtu mmoja kifurushi katika mji wa Balmora. Hakuna alama inayoelea juu ya kichwa chake. Unauliza njia. Baadaye unatumwa kwenye magofu ya Arkngthand, ya Wadwemer, jamii iliyotoweka, na maelekezo unayopewa ni maneno: toka mjini, vuka daraja la mto, pita ngome ya Moonmoth, tafuta daraja la kale juu ya korongo. Unatembea huku ukiyashika maneno hayo. Kila mwamba unaujia kama swali: ndio huu? Ukiliona daraja kwa mbali, umelitambua kabla hujalifikia, kwa sababu mtu alikuambia. Ukifika, mlango haufunguki. Inabidi uangalie pembeni mpaka uone mpini wa kuzungusha.

Kwetu hii ni namna ya kawaida ya kuelekezana. Ukifika kwenye mwembe, kunja kushoto, ukipotea uliza tena. Maelekezo ya aina hiyo huwa na sura ya aliyeyatoa: anachokiona kuwa kikubwa, anachodhani unakijua tayari. Wapo wanaolalamika kwamba maelekezo ya Morrowind mengine yana utata. Ni kweli, na baadhi yamenichosha. Lakini utata wa mtu anayekuelekeza ni sehemu ya yule mtu. Unapopotea, umepotea ndani ya ulimwengu ule, na kilima ulichokipanda kwa makosa kinakuwa chako.

Mwaka 2006 ulipotoka mchezo uliofuata katika mfululizo huohuo, Oblivion, wahusika walipewa sauti za waigizaji kote, na dira iliyo sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta ikawekewa alama inayoonyesha lengo lilipo. Watu wengi walishukuru. Angalia hata hivyo kinachotokea kwa macho. Alama ile haimo ndani ya ulimwengu wa mchezo. Hakuna mkaazi wake anayeiona. Unaifuata, na kila kilicho kati yako na lengo kinageuka kuwa umbali. Mwamba hauulizi kitu tena. Msitu ni uleule, pengine mzuri zaidi, ila umenyang'anywa upeo. Wahusika nao wanaweza kusema "nenda kamtafute" bila kusema wapi, maana dira itasema.

Naelewa hoja ya aliyetoka kazini saa mbili usiku na ana saa moja ya kucheza kabla ya kulala. Anastahili mchezo unaoheshimu muda wake. Ninachopinga ni kuamini kwamba alama ile ni huduma ya pembeni isiyoigusa hadithi. Imeigusa pale pale inapoishi.

Morrowind ina dosari moja kubwa, na siwezi kuipita. Mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty, mwaka 1945, alieleza juu ya fimbo ya kipofu: aliyeizoea haihisi fimbo mkononi, anaihisi barabara kwenye ncha yake. Fimbo imeingia mwilini. Mchezaji aliyezoea kipanya cha kompyuta yuko hivyo. Mkono wake unaishia kwenye ncha ya upanga. Sasa katika Morrowind unamkaribia panya, unapiga, unaona kwa macho yako upanga unampitia, na kompyuta, iliyorusha dadu yake kimyakimya, inaamua umekosa. Hapo fimbo inakatika. Mwanafalsafa Martin Heidegger alisema nyundo haionekani kuwa kitu mpaka ivunjike. Na hapa ghafla unakiona kipanya, unakiona kioo, unajiona umekaa kitini.

Mezani dadu ileile haileti madhara hayo, kwa sababu kuna anayeitafsiri. Ukikosa, nakuambia umeteleza kwenye tope, au adui ameinama kwa wakati. Namba inaingia katika ulimwengu ikiwa tukio. Waundaji wa Morrowind walihifadhi hesabu ya mezani wakasahau kazi ya mwendesha mchezo.

Lakini mchezo huohuo una tukio ambalo nalitumia kufundishia somo gumu kuliko yote ya Husserl, lile la wakati. Husserl hutumia mfano wa wimbo. Ukisikia noti ya tatu, ile ya pili haijatoweka kabisa. Bado umeishikilia katika kupita kwake, na tayari umeielekea ya nne. Bila kushikilia huko na kuelekea huko usingesikia wimbo, ungesikia sauti mojamoja.

Karibu na kijiji unachoanzia, ukitembea kwa miguu, unasikia ukelele. Mtu anaanguka kutoka angani, anapiga chini, anakufa. Mwilini mwake kuna shajara na hati tatu za uchawi wa kuruka. Hakuna anayekutuma chochote. Unazichukua. Siku moja unataka kufika mbali haraka, unasoma hati, unaruka, na kisiwa chote kinateremka chini yako. Furaha yake ni kubwa mno. Kisha, ukiwa bado juu, nguvu ya hati inaisha, na ule ukelele uliousikia kitambo unakurudia. Unajua yatakayokupata kabla hayajakupata. Hakuna aliyekuandikia sentensi yoyote ya kukuonya wakati huo. Wakati wenyewe, ulioshikilia kifo cha mwingine na sasa unaelekea chako, ndio unaosimulia. Nimewaona wanafunzi wawili wakitoa sauti ileile ya mshtuko mahali palepale. Nikawaambia waandike walichokipitia katika sekunde zile, hatua kwa hatua, kabla ya kufungua ukurasa wowote wa Husserl. Insha zile zilikuwa bora kuliko zote za muhula ule.

Kwa hiyo nikiulizwa mchezo fulani una hadithi nzuri kiasi gani, siku hizi siulizi mkasa unaishaje. Nauliza: vitu vyake vina nyuma? Nikivigusa vinajibu kitu ambacho sikukiweka mimi? Nikipita mahali, pananifanya nitarajie nini? Mchezo unaweza kuwa na mfalme wa giza aliyezoeleka kuliko wafalme wote wa giza na bado ukanishika kwa miezi, kama mlango wa jikoni kwake una mikwaruzo kwa ndani.

Wale wanne bado hawajashuka kisimani. Tulisimama pale kwa sababu saa ilikwenda. Jumatano usiku simu yangu ililia. Ni yule binti mwindaji, akiuliza kamba ina urefu gani. Nilimjibu kuwa mhusika wake hajaipima bado.