Thieta tumewajengea, mbona bado mnatupa rufaa?

Jumamosi kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja kasimama: "Sista, thieta tumewajengea, mchanga tumesomba wenyewe, mbona wake zetu bado mnawapakia kwenye ambulensi kwenda wilayani?" Watu wakapiga makofi. Hilo swali nimeshalijibu kliniki ya wajawazito, kwenye daladala, hata msibani, na mzee simlaumu maana kweli walijitolea. Ila nimechoka kulijibu kwa dakika mbili watu wamesimama, leo nalijibu lote.

Mimi ni nesi wa usingizi, yaani wa dawa za ganzi na usingizi, kwenye kituo cha afya kilichoongezewa thieta, chumba cha upasuaji. Meza ipo, taa ipo, mashine ipo. Sasa hesabu watu wa sizeria moja, yaani kumpasua mama kumtoa mtoto: anayepasua, anayemsaidia, nesi wa vyombo, wa kukimbia nje na ndani, mkunga wa kupokea mtoto, maabara, na mimi kichwani kwa mama. Anayepasua kwetu ni mmoja. Wa usingizi ni mimi tu. Mwezi una usiku 30, nikifiwa nikasafiri siku nne, thieta imefungwa hata kama taa zinawaka.

Hapo ndipo naambiwa "si sindano ya mgongo tu, daktari amchome mwenyewe aendelee". Hapana jamani, hapana! Kuchoma ni dakika chache, kazi yangu inaanza nikishachomoa sindano. Spaino, hiyo hiyo sindano ya ganzi ya mgongo, inalegeza mishipa ya damu kuanzia kifuani kwenda chini, presha inashuka, na mtoto tumboni anaishi kwa presha ya mama yake. Mama akilala chali tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ndiyo maana nakunja khanga yake mwenyewe naiweka chini ya nyonga ya kulia ili tumbo liegemee kushoto. Halafu simwachi, naongea naye. Akisema "sista nasikia kichefuchefu" siingojei mashine inisomee namba, najua presha inaondoka, maji ya dripu yanafunguliwa na dawa ya kuipandisha inaingia. Akiniambia vidole vya mikono vimekufa ganzi najua dawa inapanda juu sana, na hapo niwe tayari kumsaidia kupumua. Daktari ambaye mikono yake imo tumboni atayasikia hayo saa ngapi?

Oksijeni nayo. Wengi wanaona konsentreta, mashine yetu ya oksijeni, wanadhani ni tangi limejaa gesi. Haina akiba yoyote ndani, inavuta hewa hii hii ya chumbani, inachuja naitrojeni, inayobaki ndiyo mgonjwa anavuta, na zile ndogo zinatoa lita 5 kwa dakika. Umeme ukikatika imekatika na yenyewe. Jenereta ikichelewa kuwaka nina mtungi mmoja pembeni, na kila zamu nikiingia kitu cha kwanza naangalia geji yake, kabla hata ya kuvaa gauni. Halafu vumbi letu hili, chujio lisipooshwa mashine inanguruma vizuri kabisa huku inatoa oksijeni hafifu.

Maji na kuchemsha vyombo sivigusi, ningelala hapa.

Damu ndiyo inayoninyima usingizi mimi mwenyewe. Chupa inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 6, siku 35 basi. Kituo kidogo ukiweka chupa nyingi zinaharibika, ukiweka chache zinaisha siku unayozihitaji. Kuna usiku alikuja mama kondo la nyuma limetangulia, limeziba njia ya mtoto, damu inamwagika, HB (kipimo cha wingi wa damu) 6 tu, yeye grupu O, friji lina chupa moja na ni ya A, haimfai. Wilayani ni zaidi ya kilomita 60 na mvua ilikuwa inanyesha. Kitabu kinasema toa rufaa mapema, haya, huyu alishapitwa na hiyo mapema tangu nyumbani. Tukampasua, shemeji yake akatoa damu, ikapimwa kwa vipimo vya haraka usiku ule ule. Yule mama yuko hai na mwanae. Ila mimi na daktari mpaka leo hatujui kama tuliamua sawa au gari ndiyo ilikuwa sahihi, tumelizungumza mara nyingi na hatujakubaliana.

Kwa hiyo nikikuandikia rufaa wakati mapigo ya mtoto bado mazuri, sikukimbii. Nimeangalia friji, nimeangalia mtungi, nimeangalia nani yupo zamu, nimepiga 115 watu wa m-mama, wale wa usafiri wa dharura wa wajawazito, walete gari mama akiwa bado ana nguvu za kufika.

Inawezekana kubadilisha hili. Ifakara waliwahi kuwafundisha madaktari wasaidizi wa vituo vya vijijini upasuaji wa uzazi, na manesi nao usingizi, kwa miezi 3. Mimi naona miezi 3 ni michache kwa kazi ya usingizi, yule anayebaki peke yake usiku anahitaji mtu wa kumpigia simu, lakini walikuwa wameanza na watu.

Haya yote nilimweleza mzee baada ya mkutano, chini ya mwembe. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa huyo mwenzio wa usingizi wakimleta, atalala wapi?" Nikamwonyesha nyumba ya watumishi, vyumba viwili, tunaishi wanne. Akasema tofali za thieta zilizobaki ziko nyuma ya kwake, zimefunikwa na nyasi, Jumatano atakuja na wenzake tuzihesabu.