"Nimepima pande zote, zinalingana"

"Fundi, msingi nilisimamia mwenyewe. Mbele mita 10, nyuma mita 10, kushoto 8, kulia 8. Nyumba imenyooka. Huyu wa marumaru ndiye hajui kazi."

Hayo niliambiwa juzi Kigamboni na mama mmoja mwenye nyumba mpya, na mwaka huu nimeshayasikia mara nyingi mno. Kijana wa marumaru alikuwa amekaa juu ya ndoo, kimya. Mstari wake ulianza mlangoni ukiwa umegusa ukuta. Ulipofika mwisho wa sebule, mita 4.8 mbele, kati ya kigae na ukuta kulikuwa na pengo la sentimita 6. Mstari wake haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini ya jamvi la zege, tangu siku ya kuvuta kamba za msingi.

Chukua vijiti vinne, viwili virefu vinavyolingana na viwili vifupi vinavyolingana, uvifunge kona kwa mpira. Sukuma upande mmoja. Umbo linalala, na hakuna kijiti kilichorefuka wala kufupika. Kamba za msingi ziko hivyohivyo: ukipima pande umepima pande tu, kona bado hujaigusa.

Tuhesabu kwa nyumba ya huyo mama. Ukuta wa nyuma ulihama pembeni sentimita 10. Kuta za ubavuni, za mita 8, ziliongezeka chini ya milimita moja. Futikamba gani itakuonyesha hilo, na kamba yenyewe ya nailoni inavutika? Lakini pima ulalo, yaani kona kwa kona. Mmoja unakuja mita 12.88, mwingine 12.73. Sentimita 15 na zaidi! Kosa ambalo pande zimelificha kabisa, ulalo unalitoa hadharani, tena likiwa limekuzwa. Nyumba ya 10 kwa 8 iliyonyooka ina ulalo wa mita 12.81 pande zote mbili. Hesabu hiyo ni ya Pythagoras, tuliisoma sekondari, tukaiacha darasani.

Wapo pia waliosikia habari za ulalo nusunusu. Wanapima ulalo tu, zikilingana wanaita vibarua wachimbe. Hapana! Mbele ikiwa mita 10 na nyuma 9.6, kila upande ukiwa umeingia ndani sawa na mwenzake, ulalo zote mbili zitalingana na kona zote nne zitakuwa mbovu. Pande za mkabala zilingane, na ulalo zilingane. Yote mawili, siku hiyohiyo, kabla jembe halijagusa ardhi.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: tatu-nne-tano ya kitoto. Kanuni yenyewe ni hii: pembetatu ya pande 3, 4 na 5 ina pembemraba, yaani kona iliyonyooka, kati ya 3 na 4. Fundi anajua kanuni, namsifu kwa hilo. Anapima sentimita 60 huku, 80 kule, anatafuta 100 katikati, anasema kona imekaa. Kwenye kona ya meza, sawa. Kwenye ukuta wa mita 8, ukikosea sentimita moja tu katika ile 100, mwisho wa ukuta umetoka karibu sentimita 17. Kosa hilohilo la sentimita moja, ukitumia mita 3, 4 na 5, linakutoa sentimita 3 na kidogo. Pembetatu ikiwa kubwa, kosa lako linabaki dogo. Na anayeegesha skwea ya chuma kwenye kona halafu anavuta kamba mpaka mwisho wa kiwanja anafanya kosa lilelile, kwa pembetatu ndogo zaidi.

Huna futikamba? Tatu-nne-tano haidai mita. Tumia dhiraa, urefu wa mti mmoja uliokata mwenyewe, chochote, mradi kipimo ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Gawa kamba vipande 12 sawa, shika kwenye 3 na kwenye 7, kutanisha ncha zake mbili, vuta mpaka ikaze: pembemraba iko pale kwenye 3.

Mengine haraka. Futi 3 si mita, ni sentimita 91.44. Ndoano ya futikamba ikilegea, anzia kwenye alama ya 10 kisha utoe 10. Kwenye mteremko futikamba ishikwe ilale sawa na maji, isifuate udongo.

Vitabu huandika "ulalo zilingane" kana kwamba zinalingana. Mimi katika miaka yangu yote sijapata zilizolingana kabisa. Kwa nyumba ya ukubwa huu nikifika tofauti ya sentimita moja nasimama, na bado usiku nawaza kama ile sentimita ni ya kona, ya futikamba, au ya kigingi kilichosogea vibarua walipopita. Ndiyo maana napima tena asubuhi. Mara kadhaa asubuhi imenipa jibu jingine.

Kwa mama wa Kigamboni kuta hatukuzigusa. Tuling'oa ule mstari tukapanga marumaru kwa mshazari, vipande visivyolingana vikaangukia nyuma ya kabati na chini ya kochi kubwa. Kijana alilipwa siku zake zote mbili, hilo nililisimamia. Kwenye paa bado bati limezidi upande mmoja, na fundi wa kenchi anakuja Jumatatu.