Je, wajua kwa nini anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huulizwa swali kabla ya kuondoka dirishani?

Mfamasia wa kliniki ya methadoni hampi mtu kikombe akageukia mwingine. Humtazama akinywa, humpa maji ameze, kisha humuuliza jambo lolote, mradi ajibu kwa sauti. Mwenye dawa mdomoni hajibu vizuri. Dozi iliyofichwa shavuni hutemwa nje ya geti ikauzwa, na mnunuzi huenda mwili wake haujaizoea. Miligramu 60 ambazo mwenyewe anazimudu kila siku zaweza kumkata pumzi mwenzake.

Hiyo ni hatua ya mwisho. Ya kwanza ni kumsoma mtu anapofika. Akiwa anasinzia wima, anaburuza maneno au ananuka pombe, dozi haitoki, kwa sababu methadoni ikikutana na pombe au dawa za kutuliza kama Valium upumuaji hulegea mno. Hukaa pembeni, akaangaliwa tena baadaye. Atagomba, na foleni itagomba naye. Na wagombe.

Halafu hutazamwa rejista: jana alikuja? Juzi je? Aliyekosa siku 3 mfululizo hapewi tena miligramu zake 100 kama kawaida, kwa kuwa mwili umeanza kusahau dawa. Daktari humwona kwanza, na mara nyingi dozi hukatwa nusu. Akikosa siku 5 au zaidi, huanza upya: miligramu 10 hadi 30, na siku ya kwanza isizidi 40. Wageni huona huko ni kubaniwa. Lakini methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo kiwango chake kwenye damu huendelea kupanda kwa siku 4 au 5 hata dozi isipoongezwa. Kipimo ambacho Jumatatu hakikutuliza arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, Alhamisi chaweza kuua. Ndiyo maana wiki 2 za mwanzo huogopwa kuliko zote.

Kosa jingine huanzia kwenye chupa. Dawa ya miligramu 5 kwa mililita, dozi ya 60 ni mililita 12. Ikiletwa ya miligramu 10 kwa mililita na mtu akapima 12 kwa mazoea, ametoa 120.

Tanzania, ambako Muhimbili ilianza huduma hii mwaka 2011, mfamasia ana mtego mwingine: kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya ugonjwa huo, hulifanya ini liivunje methadoni haraka. Mteja aliyetulia kwa miezi huanza kulalamika arosto jioni, na watu hudhani anatafuta stimu. Hadanganyi, dozi yake haimfikishi asubuhi. Huongezwa taratibu. Linalosahaulika ni upande wa pili: rifampisini ikikoma, ini hurudi mwendo wake wa zamani ndani ya wiki chache, na dozi ile iliyopandishwa isiposhushwa itamzidi.

Mtu anayeonana na mgonjwa kila siku hivi, kwa nini asianzishe tiba mwenyewe? Jimbo la Rhode Island, Marekani, lilijaribu. Wafamasia waliofunzwa, kwa makubaliano na daktari, waliwaanzishia watu 100 buprenofini, dawa nyingine ya uraibu wa heroini, dukani kwao. Waliotulia walikuwa 58, wakagawanywa kwa bahati nasibu: 28 wakaendelea na mfamasia, 30 wakapelekwa kliniki. Baada ya mwezi, 25 wa duka la dawa walikuwa bado kwenye tiba. Wa kliniki walibaki 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023, na kwa maoni yetu yanaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote jinsi safari ya kutoka mlango mmoja hadi mwingine inavyopoteza watu.

Lakini kuanzisha buprenofini kunataka swali moja lisirukwe: mara ya mwisho umetumia unga saa ngapi? Dawa hii hukamata nafasi ya heroini kwenye ubongo kwa nguvu, lakini huamsha athari yake nusunusu tu. Ikitumiwa mapema, humtupa mtu kwenye arosto kali ndani ya saa moja au mbili. Hungojwa angalau muda wa saa 12 tangu atumie, mpaka kupiga miayo, jasho na vinyweleo kusimama vionekane wazi. Aliyekuwa kwenye methadoni hungoja muda mrefu zaidi, mara nyingi siku nzima na kuendelea.