Kitabu Kisicho na Mtihani

Mwanafunzi wa miaka 15 anaingia maktaba wakati wa mapumziko. Anazunguka rafu mara mbili, anachomoa kitabu, anakipindua kusoma maelezo ya nyuma, kisha ananijia mezani na swali ninalolisikia karibu kila wiki: "Hiki kinatoka kwenye mtihani?" Nikimjibu kwamba hakitoki, wengi hukirudisha. Siwalaumu. Tangu wajue kusoma, karibu kila ukurasa waliofunguliwa ulikuwa na maswali mwishoni.

Sisi wakutubi wa shule za sekondari tumezoea kusikia kwamba siku hizi vijana hawasomi kwa sababu ya simu. Simu inachangia, ila haikuanza yenyewe. Katika utafiti wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2009, ambao hupima wanafunzi wa miaka 15, asilimia 37 ya wanafunzi wa nchi za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, walisema hawasomi kabisa kwa kujifurahisha. Wakati huo simu janja zilikuwa bado hazijajaa mifukoni mwa vijana. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa wanaosoma kwa raha yao hufanya vizuri zaidi katika majaribio ya kusoma. Huenda raha huzaa ufaulu, huenda ufaulu ndio huzaa raha. Kwa maoni yangu hubebana. Asomaye sana husoma kwa wepesi, na asomaye kwa wepesi haoni taabu kufungua kitabu kingine.

Lakini hoja hiyo ya ufaulu ni ya kuwashawishi wakuu wa shule wanunue vitabu. Kijana asiambiwe. Ukimwambia asome riwaya ili apate alama nzuri, umeshaigeuza riwaya kuwa kitabu cha kiada, na vitabu vya kiada anavyo vya kutosha.

Nalisema hili kwa sababu nililikosea mwenyewe. Nilipoanza kazi nilitundika ukutani chati ya nyota: kila kitabu kilichosomwa nyota moja, mwenye nyota nyingi apewe zawadi mwisho wa muhula. Wiki mbili za kwanza maktaba ilijaa. Kisha nikagundua kuwa vitabu vyote vyembamba vimeazimwa na vinene havijaguswa. Wasomaji wangu wazuri, wale waliokuwa wakizama kwenye kitabu kimoja mwezi mzima, walikuwa mkiani mwa chati. Zawadi zilipokwisha kutolewa, waliokuja kwa ajili ya nyota hawakuonekana tena.

Ningekuwa nimesoma saikolojia kidogo ningejua mapema. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio lao kuhusu watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa cheti kwa kushtukizwa, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walichokuwa wakikifanya kwa kupenda kilikuwa kimegeuka kibarua. Sisemi zawadi ni sumu kila mahali. Kijana asiyewahi kuonja utamu wa hadithi huenda akahitaji kusukumwa kidogo. Ila ukitaka kumpa kitu, mpe kitabu kingine, tena bila kumwahidi.

Basi maktaba ifanye nini? Kwanza, ipunguze. Rafu iliyosongamana vitabu vya kale vyenye vumbi na jalada lililochanika humwambia kijana kwamba hapa hakuna aliyemtarajia. Kuondoa kitabu kisichoazimwa miaka nenda miaka rudi huwauma wakutubi wengi, nami pia huniuma, lakini kila mara nikiondoa vitabu, uazimaji hupanda, kwa kuwa vilivyobaki sasa vinaonekana.

Na kuonekana ndiko kwenye siri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hawakuwa wamekiona kitabu kizuri kilichopangwa kwenye rafu huku kimempa msomaji mgongo. Mgongo wa kitabu ni upana wa kidole na maandishi ya kulazimisha shingo kupinda. Geuza vitabu vichache vitazame mlangoni kwa jalada lake, viwe kumi tu, na uvibadilishe kila wiki. Kipya kinyemi. Vitabu vilevile vilivyolala mwaka mzima huondoka kwa siku chache.

Njia nyingine isiyogharimu chochote ni kuonjesha. Ninaingia darasani na vitabu vinne, nasoma kila kimoja kwa sauti ukurasa mmoja au miwili, kisha nafunga pale ambapo mhusika ameshika kitasa cha mlango. Sielezi fundisho la hadithi wala sisemi mwandishi alikusudia nini. Wakinung'unika nisiendelee, kazi imekwisha.

Kuhusu nini kisomwe, hapa ndipo watu wazima tunapowapoteza vijana wengi. Mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na mbili kati yake ningezibandika mlangoni: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Hakusema kitabu cha mwalimu. Vibonzo ni kusoma. Kitabu cha mpira ni kusoma. Hadithi za kutisha, za mapenzi, mfululizo wenye sehemu kumi na mbili unaofanana kila sehemu, vyote ni kusoma, na huo mfululizo una faida yake: wahusika na maneno yakijirudia, msomaji mchanga hupata kasi bila kujua. Kitabu cha kusikiliza nacho kiruhusiwe, hasa kwa kijana ambaye herufi humchosha kuliko maana.

Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac, aliyekuwa mwalimu, alitoa mwaka 1992 orodha ya haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma. Zimo pia haki ya kuruka kurasa, ya kutomaliza kitabu na ya kukirudia. Walimu wengine hushtuka wakizisikia, lakini nani kati yetu anayemaliza kila kitabu alichokianza? Kijana akishajua kwamba kuacha kitabu si kosa, haogopi kuanza kingine.

Kuna jambo moja linalozungumzwa mara chache mno: siri. Mwanafunzi aliyefiwa, anayejiuliza maswali kuhusu mwili wake unaobadilika, au ambaye nyumbani kwao hapakaliki, mara nyingi humfuata mtu wa kwenye hadithi kabla ya kumfuata mtu mzima. Daftari la uazimaji likikaa wazi mezani kila anayepita akasoma nani kachukua nini, kitabu chenye hadithi hiyo hakitaazimwa kamwe. Litunzwe pembeni. Na mkutubi asipige kelele, "Kumbe unasoma hiki!" hata kama ni kwa furaha. Ninapokuta kitabu cha namna hiyo kimesogea kutoka mahali pake, kimesomwa palepale kwenye kona na kurudishwa bila kuazimwa, naona kimefanya kazi yake.

Muda nao ni tatizo. Ratiba ya mwanafunzi wa sekondari imejaa mpaka usiku, na kumwambia asome akipata nafasi ni sawa na kumwambia asisome. Shule zinazotenga dakika 15 au 20 za kusoma kimya zina nafasi nzuri ya kufaulu kwa sharti moja: mwalimu naye asome. Akikaa mbele anasahihisha madaftari, darasa zima huelewa kwamba kusoma ni shughuli ya wasio na kazi. Na dakika hizo zisifuatwe na muhtasari wala maswali, maana hapo tumerudi tulikotoka.

Wazazi huniuliza wafanye nini nyumbani. Jibu langu huwakatisha tamaa kidogo kwa udogo wake: kitabu kionekane sebuleni, nanyi muonekane mkisoma hata gazeti. Mtoto akiwa anasoma, msimwite kwa kazi ambayo ingeweza kusubiri robo saa. Akimaliza, msimuulize amejifunza nini.

Mimi mezani nina swali tofauti. Kijana akirudisha kitabu, humuuliza aliishia wapi. Akisema ukurasa wa 30, namuuliza kilichomchosha ni nini, naye huniambia bila woga: majina mengi, maelezo marefu ya mandhari, au "hakuna kinachotokea". Ninamshukuru, kisha naenda naye rafuni kutafuta kitabu ambacho kitu kinatokea ukurasa wa kwanza.