Bangili ya plastiki na hesabu zake

Saa tatu na nusu usiku bafe inafunikwa, na hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Nasimama kwenye dirisha la kuoshea vyombo na mizani yangu na daftari. Sahani inapita, mabaki yanamiminwa, ndoo inapanda mizani. Ndoo ya mkate, ndoo ya nyama na samaki, ndoo ya mboga na matunda. Mgeni aliyejipakulia vipande vitatu vya jodari akamega kimoja tu, hajui kwamba vile viwili vimeshaandikwa.

Mimi ni mdhibiti wa gharama za chakula na vinywaji. Nilianza kama karani wa stoo mwaka 2009, na tangu hapo nimezunguka hoteli kadhaa za pwani ya mashariki na kaskazini ya Unguja. Nyingi ni za ule mtindo ambao mgeni analipa mara moja kabla hajapanda ndege, akifika anavishwa bangili ya plastiki mkononi, na pochi haitoki tena mpaka siku ya kuondoka. Kazini tunauita "oli inklusivu". Hapa nitauita kila kitu kimo. Swali ninaloulizwa kuliko yote, mpaka harusini, ni hili: "Sasa nyie faida mnaitoa wapi, mtu akiamua kunywa kuanzia asubuhi?"

Tunaitoa kwa sababu huyo mnywaji hakuja peke yake. Chukua namba za ubaoni tu, si za hoteli yoyote. Hoteli ina wageni 300. Mmoja anakula na kunywa vitu vya dola 45 kwa siku. Jirani yake ni bibi wa miaka 70 anayetosheka na papai, supu na chai, dola 9. Kuna watoto, kuna wasiokunywa pombe, kuna waliounguzwa na jua wamejifungia chumbani. Ukiwachanganya wote unapata wastani, tuseme dola 20 kwa kichwa, na bei iliyouzwa kwa wakala miezi mingi nyuma imejengwa juu ya hiyo 20. Sasa wastani ukipanda ukawa 21, nimepoteza dola 300 leo, na dola 9,000 kwa mwezi, na hakuna mtu wa kumdai. Ndiyo maana napima mkate.

Hoteli ya kawaida bia ni mapato. Huku kwetu bia ni gharama, maana pesa yake ilishaingia zamani. Ukilielewa hilo, mengine yote utayaona mwenyewe ukipita hotelini: kwa nini glasi ya baa ya bwawani ni ndogo, kwa nini ukiagiza kinywaji kikali bila kutaja jina unapewa cha nyumbani, Konyagi kwa mfano, na kwa nini kambakoche ana karatasi yake ya bei pembeni. Hakuna anayekuibia. Mkataba unasema "vinywaji vya hapa nchini", wewe ndiye hukuusoma.

Kuna jambo moja nililijifunza kwenye daftari kabla sijafundishwa na mtu. Mgeni hali sawasawa siku zote. Siku ya kwanza anakunywa kama anayefidia nauli. Siku ya pili anaendelea, kwa bidii. Siku ya tatu kichwa kinauma, ngozi imewiva, anaomba maji na tikiti. Kuanzia ya nne amekuwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo mgeni wa siku saba au kumi anatulipia zile mbili za mwanzo kwa utulivu wa siku zilizobaki, ila mgeni wa siku mbili hafiki huko. Ndugu zangu mnaovuka kutoka Dar kwa boti Ijumaa na kurudi Jumapili, msinichukie, lakini kwenye daftari langu nyinyi mna rangi yenu.

Mtindo wenyewe haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua kijiji cha mahema huko Alcudia, kisiwa cha Mallorca, akakiita Club Méditerranée. Chakula kilikuwa ndani ya bei. Vya baa, wageni walikuja kuvilipia kwa shanga walizovaa. Visiwa vya Karibi vikaupeleka mbali zaidi, hasa Jamaica, ambako Butch Stewart alifungua Sandals ya Montego Bay mwaka 1981. Kwetu ulishika kasi miaka ya 1990 pamoja na Waitaliano na ndege zao za kukodi. Nenda Kiwengwa leo usikilize papasi wa ufukweni, wale vijana wanaowafuata wageni na bidhaa zao, wanavyobembeleza kwa Kitaliano, utajua nani alitangulia kufika.

Turudi kwenye bafe. Ukiingia, cha kwanza kukutana nacho ni mikate, saladi, kachumbari, halafu tambi na wali. Sahani ina nafasi yake, na ukifika kwenye samaki imeshajaa nusu. Samaki na nyama hawakai mezani peke yao; nyuma yake yupo mpishi mwenye kofia, anachoma mbele yako na kukuwekea kipande kimoja kwa tabasamu. Unaweza kurudi mara tano, hatakukatalia. Ila watu wanaona haya kurudi mara tano kwa mtu anayewatazama usoni, na haya hiyo ni ya mataifa yote. Mkate uliobaki kesho unageuka pudini. Wali uliobaki haurudi mezani, hilo tuelewane. Chakula kikishakaa nje muda wake kinatupwa hata kama roho inaniuma, maana mgeni mmoja akiharisha tumekwisha.

Na sasa bahari. Wageni wa pwani ya mashariki wameona picha za maji ya kijani kibichi yanayogusa ngazi za hoteli. Hakuna aliyewaambia habari za bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yetu ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na upande wa mashariki yakikupwa yanakwenda mbali kabisa, mpaka kule mawimbi yanakovunjikia kwenye mwamba. Mgeni anaamka, anachungulia, anakimbilia mapokezi: bahari imeondoka! Siku hizo maji huwa yamekauka mnamo saa nne asubuhi. Kina mama wanashuka kwenye mwani wao, watoto wanaokota chaza, na wageni wote 300 wanabaki kuzunguka bwawa. Wanafanya nini? Wanakunywa. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba ile milima kwenye grafu yangu ya baa inafuata mwezi. Tangu hapo, kila nikiagiza barafu na soda, natazama kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa.

Nikampelekea hesabu hiyo mpishi mkuu, mzungu mmoja mwema asiyejua la mwezi wala la jua.

"Shefu, leo mwezi wa ngapi?"

"Septemba."

"Sikuulizi huo."

Nilikuwa nataka kumwambia habari ya pweza. Bamvua ndiyo siku za pweza, maana mwamba uko wazi na wachokoaji wanatembea kwa miguu na vijiti vyao. Maji mafu yakiingia, yale yasiyopanda wala kushuka sana, pweza wanaadimika na bei inapaa. Menyu yake iliweka pweza kila Jumanne, bila kujali kuna nini baharini. Tukauhamisha usiku wa pweza kutoka Jumanne kwenda bamvua. Mgeni hajui kama ni Jumanne au Ijumaa, yuko likizo. Bei ya kununulia ikashuka, pweza akawa mbichi badala ya wa friza, na kwa mara ya kwanza wachokoaji wa kijiji cha jirani wakatuuzia wenyewe bila mtu wa kati.

Ilidumu miezi minne. Niseme ilivyokufa, kwa sababu watu wanapenda kusema hoteli hizi hazinunui vya kijijini kwa dharau tu, na dharau ipo, ila tatizo kubwa liko kwa mhasibu. Mvuvi anauza pwani, mnadani, anataka pesa mkononi: kuna mafuta ya mashine, kuna mafungu ya mabaharia, kuna nyumba inasubiri. Hoteli inalipa kwa ankara, baada ya siku 30 kwa maandishi, na kwa vitendo siku 60 au 90. Hoteli hiyo, ambayo sitaitaja, ilikaa na ankara za kina mama wale wa pweza tangu kusi, ule upepo wa kusini, ilipoanza mpaka kusi inakwisha. Mama mmoja alikuja getini mara tatu na kitabu chake cha risiti kimefungwa kwenye kanga. Mara ya nne hakuja. Akarudi dalali mwenye mtaji, anayeweza kusubiri, na anayejilipa kwa kusubiri huko kwa kutupandishia bei. Nyanya nazo hivyo hivyo: mkulima wa bondeni akachoka na sisi, tukaanza kula nyanya zilizovuka bahari kutoka bara.

Kwa hiyo mtu akisema mgeni wa bangili hatoki nje na kijiji hakifaidiki, namjibu kwamba kutoka kwake nje ni soda mbili na kanga moja. Fedha kubwa iko kwenye lango la nyuma, pale magari ya stoo yanapoingia, na inategemea hundi inasainiwa lini.

Bado sijasema kitu cha ghali. Wengi hudhani ni kamba, au divai, au dizeli ya jenereta. Dizeli kweli imenitesa. Mwaka wangu wa kwanza kazini Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na jenereta zilinguruma usiku na mchana. Lakini kitu ambacho hakina mbadala ni maji. Pwani ya mashariki na kaskazini ni maweni, udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe. Maji matamu yako chini yake kama tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Shirika la Kiingereza la Tourism Concern lilichapisha utafiti mwaka 2012 uliohusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani: kaya ya kijijini ilikuwa ikitumia lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Chumba, si hoteli. Ndani ya hizo kuna majani, bwawa, mashuka na mataulo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Piga hesabu mwenyewe.

Hoteli kubwa siku hizi zina mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, nayo inakula umeme. Mtambo ukiharibika tunaagiza maboza. Nimewahi kusimama getini kuhesabu maboza yakiingia moja baada ya jingine, huku upande wa pili wa barabara watoto wamepanga madumu ya njano wakisubiri bomba lao litoke. Jioni hiyo kwenye daftari niliandika idadi ya maboza na bei. Safu ya madumu haimo kwenye fomu.

Lakini ukitaka kuijua hoteli ya namna hii vizuri, njoo Ramadhani. Jua linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na hiyo ndiyo saa baa ya ufukweni inajaa kuliko zote, kila mtu anataka glasi mkononi na jua nyuma yake apigwe picha. Wahudumu wetu wengi wamefunga. Tunapanga zamu: nusu wanabaki mbele na trei, nusu wanakimbia nyuma ya jiko, tende moja, maji, uji wa pilipili manga kwenye kikombe, kisha wanabadilishana. Dakika saba kila zamu. Niliwahi kumwona kijana wa baa anachanganya mojito kumi na mbili huku adhana inasikika kutoka kijijini, mikono inakwenda, midomo inasoma dua. Alipomaliza ya kumi na mbili akafuta meza, ndipo akaenda kufungua.

Basi, kwa wanaouliza kama walipie: ukiwa na watoto wanaotaka juisi kila nusu saa, lipia, utapumzika na mahesabu. Ukiwa mtu wa kutembea, ukataka urojo wa Forodhani na chakula cha Mji Mkongwe, chukua chumba na kifungua kinywa tu, la sivyo utakuwa unamlipia yule wa dola 45.

Siku ya kuondoka bangili inakatwa saa sita mchana, kwa mkasi, pale mapokezi. Wenye ndege ya usiku wanabaki kwenye makochi na mabegi yao, jua limewaka, na wengine hapo ndipo wananifuata mimi, kwa kuwa nimevaa shati la ofisi, kuniuliza kwa sauti ya chini chupa ya maji ni bei gani.