Sailensa imefungwa, risasi zinatawanyika: naanzia wapi

Msimu uliopita alikuja mgeni kambini huku Liwale na raifo yake ya kaliba .308 imevaa sailensa, kile kibomba cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, anapiga shabaha mita 100, risasi tatu kila moja inaenda kwao. Akalaumu darubini, akalaumu risasi, akalaumu waliobeba mizigo ya ndege. Traka wetu, yule mfuata nyayo za wanyama, mzee wa Kingindo, alikuwa kachuchumaa pembeni akaninong'oneza: "Mjomba, hicho kibomba chake hakijakaa." Na kweli bwana.

Kwanza tuelewane, kundi ni matundu ya risasi zako kwenye shabaha, na kundi kuhama na kundi kutawanyika ni magonjwa mawili tofauti. Ukifunga sailensa umeongeza uzito mdomoni mwa mtutu, na mtutu unatikisika risasi inapopita, kwa hiyo mtikisiko unabadilika na risasi zinaangukia sehemu nyingine. Kama zote tatu zimehamia chini kidogo lakini zimekaa pamoja, na kesho zinaangukia palepale, bunduki nzima hiyo, seti darubini ukiwa umeshafunga sailensa na uwinde nayo hivyohivyo. Shida ni zikitawanyika.

Zikitawanyika mimi naanza na ufungaji, maana mara nyingi ni huko. Toa risasi zote, toa bolti (lile komeo la nyuma), hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, ndio ufungue sailensa. Ya yule mgeni ilitoka kwa vidole viwili tu! Alikuwa ameifungua kwa ajili ya safari akairudisha kwa mkono juujuu. Nikachukua mswaki wa zamani nikasugua thredi (ile mikato ya kuzungushia), nikafuta lile bega la mtutu ambapo sailensa inatakiwa ikae flati, nikakuta punje za mchanga na masizi yameganda, halafu alama ya kung'aa iko upande mmoja tu, upande wa pili mweusi. Maana yake ilikuwa inakaa kiupandeupande. Tukasafisha, tukakaza vizuri, kundi likarudi.

Na tafadhali msiweke washa ya kubonyea (pete laini inayobonyea ukikaza) kati ya bega na sailensa eti ikaze, hiyo ndiyo inapindisha kabisa.

Kabla ya kukaza tena chungulia tundu la mbele la sailensa. Ukiona mchirizi wa rangi ya shaba au ya madini ya risasi, au ukingo umemeguka, ujue risasi inagusa visahani vya ndani ikipita, hapo usipige hata moja ya kujaribu, peleka kwa fundi mwenye fimbo ya kupimia unyoofu. Hapa sina utani, kitu kinaweza kupasuka.

Kama ufungaji uko poa, kaza skrubu za kitako na za darubini, kisha piga makundi mawili, moja na sailensa moja bila, risasi zilezile, ukipumzisha mtutu upoe. Bila sailensa nazo zikitawanyika basi umeionea bure.

Halafu kuna joto. Ukipiga mfululizo sailensa inachemka, hewa ya moto inapanda mbele ya darubini, shabaha inacheza kama lami ya Mingoyo saa nane mchana, unadhani umelenga katikati kumbe unalenga mazigazi. Subiri ipoe, au ifunike kwa kitambaa maalum kisichoungua, sio kanga ya mama watoto.

Wa Kilwa, Lindi mjini na Mtwara, chumvi ya bahari mnaijua. Mkirudi kutoka porini ifungueni, msiiache mtutuni usiku kucha, unyevu ukikutana na masizi kutu inaanzia kwenye zile thredi.