Kuchelewa kwa herufi kwenye programu za vifupisho ni nini hasa, na uanzie wapi kutafuta

Programu ya vifupisho ni ile unayoiambia nikiandika herufi hizi chache wewe niwekee maneno yote haya. Unaandika ;akaunti inatoka "Habari, asante kwa kuwasiliana nasi, tafadhali tutumie namba ya akaunti na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chako", basi umemaliza. Watu wa huduma kwa wateja, makarani, mawakili, madaktari wanaojaza maelezo ya wagonjwa kwenye kompyuta, yaani yeyote anayerudia sentensi zile zile kutwa nzima, hii kitu inamwokolea vidole na muda. Zipo nyingi, AutoHotkey ya Windows, Espanso ambayo ni ya bure na inaingia Windows, Mac na Linux, TextExpander ya kulipia, PhraseExpress, na kadhalika.

Sasa mtu anaiweka, siku za mwanzo raha tupu, baadae anaanza kuona anachapa na herufi zinakuja nyuma ya vidole, anamaliza neno ndo linaanza kutokea, au kila kitu kinaganda kidogo halafu herufi zinamwagika zote kwa mpigo. Hiyo ndo kuchelewa kwa herufi: muda kati ya kubonyeza kitufe na kuiona herufi kwenye skrini umekuwa mrefu mpaka unausikia. Wengi hapo hapo wanasema programu mbovu, wanaifuta. Naomba usifute kwanza, maana jina hilo moja limebeba matatizo mawili yasiyofanana kabisa na dawa ya hili haigusi lile.

La kwanza, kila herufi inachelewa, hata ukiandika barua ya kawaida bila kifupisho hata kimoja. La pili, kuchapa kwa kawaida kuko sawa kabisa ila ukiandika kifupisho ndo unasubiri, unaona herufi zinafutika moja moja halafu maneno yanaandikwa polepole. Jiulize lako ni lipi kabla hujagusa setingi yoyote, ukishajua hapo nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na la kwanza maana ndo linalokera zaidi. Ili programu ijue umeandika kifupisho lazima ione kila unachobonyeza, haina njia nyingine, kwa hiyo mara nyingi inajiweka katikati ya kibodi na ile programu unayoandikia, iwe Word au brauza. Kila herufi inapita kwake kwanza, inaikumbuka, inaangalia herufi za mwisho mwisho kama zinafanana na kifupisho chochote kwenye orodha, zisipofanana inaiachia iende. Ni kama mizani ya malori pale Vigwaza, hata lori lisilo na tatizo lazima lipande, na la mbele likicheleweshwa yote ya nyuma yanasubiri. Siku ya kawaida herufi inakaguliwa haraka sana hata huhisi. Lakini mtu anayechapa maneno 60 kwa dakika, kwa ile hesabu ya kawaida ya herufi 5 kwa neno, anabonyeza mara 300 kwa dakika, maana yake kila milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde, kuna herufi mpya inafika. Ukaguzi ukianza kula milisekunde 150 kwa kila herufi utaona mwenyewe, na ukizidi 200 foleni inaanza kujengeka ndo pale unaona herufi zinamwagika kwa mpigo.

Windows yenyewe inalijua hili na imeweka kikomo. Programu iliyojiweka katikati ya kibodi inapewa muda wa kujibu, isipojibu herufi inapitishwa bila yenyewe, na kuanzia Windows 10 toleo la 1709 muda huo hauwezi kuzidi sekunde 1 hata ukichezea setingi. Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, kuanzia Windows 7 programu inayochelewa kujibu inaweza kuondolewa pale katikati kimya kimya, bila ujumbe wala nini. Kwa hiyo ukiona kuchapa kulikuwa kuzito, ghafla kukawa kwepesi, lakini vifupisho navyo vimekufa japo alama ya programu bado ipo pale chini karibu na saa, usifikiri imejitengeneza, imetolewa. Ukiifunga na kuiwasha tena vitarudi, na uzito utarudi navyo kama chanzo hujakiondoa. Mac nayo ina utaratibu unaofanana na huo, anayechelewa anazimwa.

Kwa nini ukaguzi uwe mzito sasa? Watu wengi wanakimbilia kulaumu wingi wa vifupisho, wanaanza kufuta vya thamani walivyokusanya kwa miaka. Mimi naona hilo ni kosa. Kulinganisha herufi chache na orodha ya vifupisho mia kadhaa ni kazi ndogo mno kwa kompyuta yoyote ya leo, hata ile laptopu ya mtumba. Mara nyingi chanzo ni kwamba programu ina shughuli nyingine wakati herufi yako inasubiri. Labda imeweka vifupisho vyake kwenye folda inayosawazishwa na mtandao na kila mara inasoma mafaili upya, na intaneti ikiwa ya kusuasua ndo balaa. Labda kuna kifupisho kinachoendesha skripti, yaani faili la amri ambazo kompyuta inazifuata. Labda RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imejaa kwa sababu brauza ina tabu 40, kompyuta inaisukuma programu pembeni kwenye diski na kila ukibonyeza inabidi irudishwe.

Halafu kuna antivairasi. Programu inayosoma kila kitufe unachobonyeza, kwa macho ya antivairasi, inafanana sana na wale wadudu wanaoiba nywila, na haikosei kuishuku, tabia ni ile ile. Kwa hiyo inaichunguza zaidi ya programu nyingine. Kama umeichukua kwenye tovuti ya wenyewe na unaiamini, iongeze kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, ila kama uliipata kwa kutumiwa kwenye grupu la WhatsApp au kwenye flashi ya mtu usifanye hivyo kabisa, ifute ukaichukue kwa wenyewe.

Na kuna suala la kuwa na mbili au tatu kwa pamoja. Mtu ana programu ya vifupisho, ana AutoHotkey ya kubadilishia vitufe, ana programu ya kutunza vitu alivyokopi, ana ile ya kusahihisha Kiingereza, na zikiwa zote zimejiweka katikati ya kibodi, herufi moja inapita kwa kila moja kwa zamu. Kwenye AutoHotkey hili lina madhara ya ziada, ina njia ya haraka ya kutoa herufi inayoitwa SendInput, lakini ikikuta kuna skripti nyingine ya AutoHotkey iliyokaa kwenye kibodi inaiacha njia hiyo na kurudi kwenye ile ya polepole. Kama una skripti 3 zinazofanya mambo ya kibodi ziunganishe ziwe faili moja, utaona tofauti.

Tatizo la pili, lile la kusubiri wakati wa kupanua tu, yaani kifupisho kinapogeuzwa kuwa maneno kamili, linatokana na jinsi maneno yanavyotolewa. Programu ikishatambua kifupisho inabonyeza kitufe cha kufuta mara kadhaa kuondoa ulichoandika, halafu inaweka maneno kwa njia mojawapo kati ya mbili, ama inayachapa herufi moja moja kama vile ni wewe, ama inayakopi na kuyapesti kwa mara moja. Kuchapa moja moja ni salama ila kuna bei yake. Kukiwa na pengo la milisekunde 10 kati ya herufi na herufi, maelezo ya herufi 300 yanachukua sekunde 3 nzima, na mteja yuko kwenye simu anasubiri.

Inakuwa mbaya zaidi kwenye mifumo ya kazini inayofunguka ndani ya brauza. Mingi imeundwa kwamba kila herufi ikiingia ukurasa unafanya kitu, unahesabu herufi zilizobaki, unakagua tahajia, unahifadhi. Ukimwaga herufi 300 moja moja ukurasa unafanya hizo kazi mara 300, ukipesti unafanya mara moja. Kwa hiyo maneno marefu yapesti. Espanso ikiachwa na setingi zake za kawaida inafanya hivyo yenyewe, maneno mafupi inachapa na yakizidi herufi 100 hivi inapesti, na unaweza kuilazimisha njia moja kwa programu fulani tu. Kupesti nako kuna kasoro yake, programu inatumia ile sehemu ya muda ambapo kompyuta inaweka ulichokopi, halafu inajaribu kurudisha kilichokuwepo mwanzo, ikirudisha mapema mno kwenye mashine nzito unaona badala ya salamu imepesti namba ya simu uliyoikopi dakika tano zilizopita. Ongeza muda wa kusubiri kwenye setingi, kidogo kidogo, mpaka iache.

Wanaofanya kazi kwenye kompyuta ya mbali, ile unafungua dirisha na ndani yake kuna Windows ya ofisini, wao hakikisha programu inawaka upande mmoja tu. Ikiwaka pande zote mbili kila moja inajaribu kupanua, na kila kitufe cha kufuta kinasafiri mtandaoni.

Jinsi ya kujua tatizo lako liko wapi: fungua Notepad, chapa aya moja bila kifupisho. Ni nzito? Ifunge kabisa programu ya vifupisho, sio kuficha dirisha lake tu, chapa tena. Kama bado ni nzito basi sio yenyewe, angalia betri ya kibodi ya bluetooth, na kwenye Windows angalia kitu kinachoitwa Filter Keys, kinajitokeza ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8 na kikikubaliwa kinafanya vitufe vipuuzwe ukigusa haraka, wengi wanakiwasha bila kujua. Kama Notepad ni nyepesi ila ule mfumo wa kazini ni mzito, tatizo liko kwenye ukurasa ule. Na kama kweli ni vifupisho, zima nusu ya makundi yako ya vifupisho, jaribu, kisha nusu ya iliyobaki, utafika kwenye kile chenye skripti inayokwamisha.

Kuna jambo moja linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, maana maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Maneno yetu yanajirudia vipande, na, ku, ana, wana, kwa, viko kila mahali, kwa hiyo kifupisho kama "ana" cha anwani, kikiwekwa kipanuke hata katikati ya neno, kitaruka kwenye wanafunzi, kwenye mwanamke, kwenye kutana, na kila kikiruka unafuta na kuandika upya, mtu anaona ni uzito kumbe ni kifupisho kilichochaguliwa vibaya. Anza vifupisho vyako na nukta mkato, au na x au q, herufi ambazo tahajia ya Kiswahili haizitumii. Xanw ya anwani, qsal ya salamu, xmal ya maelekezo ya malipo, hizo hazitakurukia katikati ya barua.